Meli Zimegoma Kurudi

9 Januari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Huku kwetu ni wazima wote, hofu yetu ni juu yako na hiyo mashine yako. Mama amepata kazi ya kushona sare za shule mbili kwa mpigo. Sebule imejaa sketi za bluu, na Bibi ameketi katikati yake kama malkia wa sketi. Bomba la jikoni bado linavuja pale ulipolifunga kamba kabla hujaondoka. Hatujaifungua ile kamba, Bibi hataki.

Bibi anauliza utarudi lini. Ameuliza mara nyingi, ila nimeandika mara moja ili kuokoa wino.

Nimenunua kalamu mpya nyekundu, kwa hiyo sasa mstari wetu utaonekana vizuri. Utaratibu ni ule ule: yaliyo juu ya mstari nitamsomea Bibi kwa sauti, ya chini ni yetu wawili. Huu hapa.

___________

Mjomba, nimeacha kazi ya ukarani. Nimepata nyingine, juu ya duka la matairi, na nimeshaanza kukonda. Vita vyetu vinatakiwa viwe tayari mwezi wa sita na mpaka leo hatujui meli zetu za mizigo zitakula mafuta kiasi gani. Jenerali anataka ziende kasi tu, hata zikiishiwa katikati ya bahari. Bosi anasema upande wa kusini ukikosa mkate na risasi mapema, sote tumekwisha. Nikaropoka kwamba mjomba wangu ni chifu wa mashine melini, atatuambia. Sasa wote wananitazama mimi.

Nipimeje meli nzuri na meli mbovu? Nijibu haraka, maana simu ya huko najua ni ya nahodha peke yake.

Mpwa wako,
Kidomo


24 Februari

Mpwa wangu Kidomo,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa wakala, imekunjwa kama sambusa lakini inasomeka. Mwambie mama yangu mimi ni mzima, nakula, nalala, na soksi nafua mwenyewe. Mwambie dada yangu asijipindishe mgongo kwa sketi za watoto wa watu. Na kuhusu kurudi, mwambieni mama mkataba ukiisha tutaona.

___________

Kidomo, vita gani?

Nimesoma barua yako mpaka nimeikariri na bado sielewi. Nimemuuliza nahodha kama redio imesema lolote kuhusu kwetu. Akasema hapana, akaniuliza nimesikia wapi. Nikasema kwa mpwa wangu, anafanya kazi na jenerali. Toka siku hiyo ananikata jicho mezani, na mpishi amenipunguzia supu. Huyo jenerali anakutakia nini wewe? Wazazi wake wanajulikana? Na kama risasi zinakaribia, mbona mama yako bado anashona sketi? Mchukueni mama yangu mwende mahali salama, halafu mniandikie mlipo.

Lakini umeniuliza swali la kazi, na swali la kazi silali nalo. Jambo la kwanza ni mwendo. Watu wanadhani meli ikienda mara mbili ya kasi, itachoma mafuta mara mbili. Thubutu! Kwa siku moja itachoma karibu mara nane. Kwa hiyo mwambie huyo Jenerali wako anayependa kasi kwamba atafika mapema na tangi tupu. La pili, hata ikisimama meli inakula: taa, friji, pampu, vyote vinataka mafuta. Ukienda polepole mno nako unapoteza. La tatu, tumbo la meli. Vikonokono na majani ya bahari vikishaganda kule chini, mashine inavuta kama mtu anayetembea na mtoto kamng'ang'ania mguuni.

Sasa niambie ukweli. Tumevamiwa na nani?

Mjomba wako


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe. Mama kacheka mpaka sindano imemchoma. Bibi hajasomewa yale ya chini, lakini alisikia kicheko, akataka kujua, ikabidi nimweleze kazi yangu mpya. Nikamwambia natengeneza vita vya kuchezea. Akaniuliza, "Vya kweli vimekwisha?"

Anasema nikuandikie hivi: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

___________

Hakuna vita, Mjomba. Ni mchezo wa kompyuta. Kuna ramani ya bahari iliyokatwa vipande vipande, kuna kisiwa cha kaskazini na kisiwa cha kusini, na askari wao wanapigania nchi moja ya mbali. Mchezaji anaongoza jeshi. Meli za mizigo hazimsubiri, kila moja inajichagulia safari kwa hesabu tuliyoipa. Jenerali ni jina la utani la kijana anayeucheza mchezo kutwa nzima ili aone unapoharibika. Analipwa kwa hilo, na mama yake bado haamini. Mtake radhi nahodha, tena umwambie mpishi akurudishie supu yako.

Yale ya mwendo yamefaa kweli. Nimeyaingiza yote, hata vikonokono. Halafu nikatunga kipimo. Nachukua mafuta yaliyochomwa, nagawanya kwa mzigo uliobebwa na umbali ulioendwa. Jibu likiwa dogo, safari ni nzuri. Kila meli inatafuta safari yenye jibu dogo. Bosi alinipigia makofi, na yeye si mtu wa makofi.

Kidomo


15 Aprili

Mjomba,

Barua hii haina salamu ndefu na yote iko chini ya mstari.

Juzi Bibi alimimina chai pembeni ya kikombe. Akasema meza imesogea. Jana alimsifu mama kwa sketi nzuri, kumbe kashika pazia. Tumempeleka kwa daktari wa macho. Daktari anasema kiini cha macho kinakufa taratibu, hakuna dawa ya kukirudisha. Kusoma kumeshakwenda. Anasema mwaka ukiisha, sura za watu nazo hataziona.

Bibi amenikataza nisikuambie. Amesema, "Asije akaacha kazi ya watu kwa ajili ya macho ya kizee. Heri kufa macho kuliko kufa moyo." Halafu akaenda kukaa mbele ya picha yako iliyo juu ya redio, akaisogeza usoni, akaipeleka mbali, akaisogeza tena.

Mjomba, njoo akuone. Sikuombi kingine chochote.

Kidomo

Tena kuna jambo la ajabu kazini. Meli zangu zinafika vitani, zinashusha mzigo, halafu hazirudi. Zinakaa tu kule. Sijui nimekosea wapi.


28 Mei

Mpwa wangu Kidomo,

Marahaba ya furaha! Barua yako ya mwanzo wa Aprili imenifikia kwa boti ya wakala, na hakuna anayenikata jicho tena. Mwambie mama methali yake nimeipokea, lakini mimi fundi wa mashine naishi huko huko ngamani, chini kabisa, kwa hiyo sina kwingine pa kurejea. Acheke kidogo.

Tumetia nanga nje ya bandari. Tumeshusha mzigo na mwenye meli hajapata mwingine, basi tunangoja. Mchana napaka rangi mabomba ambayo hayadai rangi.

Mwambieni pia nimesaini mkataba mwingine. Asihuzunike. Kazi haijaisha.

___________

Huo mchezo wako, Kidomo, umenipa ugonjwa. Nimechukua vizibo vya soda nikavipanga juu ya meza ya chumba changu, kaskazini vyekundu, kusini vya kijani. Fundi wa umeme anakuja kunishambulia kila jioni. Hesabu yako ni safi. Mafuta kwa mzigo na umbali, ndivyo hata wenye meli wanavyotupima. Ongeza tu jambo moja: vikonokono vinaota haraka meli ikisimama kwenye maji ya joto. Yetu hii sasa ina ndevu.

Umeniletea raha, mpwa wangu. Endelea hivyo hivyo.

Mjomba wako


20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo. Mama hajambo, Bibi hajambo, bomba linavuja.

___________

Nimekaa na barua yako nikidhani labda kuna ukurasa mwingine. Nimeichana bahasha nikaitazama ndani. Nimeitikisa.

Nilikuandikia jambo moja kubwa kuliko yote niliyowahi kukuandikia, wewe ukanijibu vikonokono! Tena ukasaini mkataba mwingine, na ukaniambia nimsomee kwa sauti. Nilimsomea. Alisema, "Sawa, kazi ni kazi," akaniomba nimpe uzi, akahangaika kuutunga kwenye sindano mpaka mama akamnyang'anya.

Mimi sikuelewi tena. Nimepiga simu ofisi ya kampuni yako. Mtu wa huko akasema ujumbe wa familia unapelekwa melini kama kuna kifo tu. Akaniuliza, "Kuna kifo?" Nikakata simu. Kama uliyoyasoma hayakukugusa, sitayarudia. Si mimi wa kukufundisha mama yako ni nani.

Kazini nako ni vurugu tupu. Vita vilikuwa vitoke mwezi huu, vimeahirishwa. Meli za kusini zimegoma kurudi, meli za kaskazini nazo zimegoma kurudi. Zinashusha mkate vitani na kutulia palepale. Askari wa pande zote mbili wamenenepa, visiwani watu wanakufa njaa, na ramani imejaa meli zilizosimama. Jenerali anasema ni mara ya kwanza kuona vita ambavyo pande zote zimeshindwa na hakuna aliyepigana. Nimekagua kila mstari wa hesabu. Hakuna kosa. Kila meli inafanya kile nilichoiambia. Basi mbona haziji nyumbani?

Kidomo


30 Julai

Kidomo,

Niliyoyasoma yapi?

Nimeipata barua yako ya tarehe 20 Juni. Mimi nilipata ile ya Januari, nikapata ya mwanzo wa Aprili, kisha hii ya matusi. Hakuna nyingine. Umeniandikia nini? Kuna nini kwa mama? Nimekwenda kwa nahodha kuomba simu, akasema mitambo imeharibika mpaka fundi aje. Mafundi wenyewe ndio sisi, ila mitambo ile hatuijui. Nimeifungua nikaifunga, ikawa mbaya zaidi.

Ngoja nikujibu la kazi kwanza, maana nikikaa bure nitapiga kelele. Meli zako hazijaharibika. Ndivyo meli zilivyo. Umezipima kwa mzigo, na meli iliyoshusha mzigo haina mzigo. Ukigawanya mafuta kwa kitu ambacho hakipo, unapata nini? Unapata safari mbaya kuliko safari zote duniani. Kila meli inajiambia, nikirudi tupu nitakuwa hasara tupu, bora ningoje hapa mpaka nipate cha kubeba. Hakuna cha kubeba vitani, basi inangoja. Mimi ninapoandika hapa meli yetu inangoja. Na kwa taarifa yako, meli tupu si rahisi kuiendesha. Inapanda juu, rafadha inayoisukuma inakaribia kutoka majini, inayumba kama mlevi. Ndiyo maana tukirudi tupu tunajaza maji ya bahari kwenye matangi ya chini, itulie. Maji hayo hayauzwi, hayana faida kwa mtu, lakini bila hayo hufiki.

3 Agosti. Sijaifunga barua hii. Leo boti ya wakala imekuja na bahasha yako ya tarehe 15 Aprili. Ilikwenda kwenye bandari tuliyokwisha kuiacha, ikakaa huko, ikatufuata.

Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha mashine. Fundi wa umeme akaniuliza nina nini. Nikamwambia, "Mama yangu kasema meza imesogea." Akadhani ni joto.

___________

Nimechelewa kuchora mstari, lakini hapa usimsomee kabisa.

Unajua kwa nini siji? Siku naondoka nilisimama kwenye ngazi ya chuma pale mlangoni. Majirani wote wamejaa, mwenye duka la matairi yupo, mama yupo. Nikasema kwa sauti, wote wakisikia, kwamba sitarudi mikono mitupu. Nikarudia tena. Toka siku hiyo kila mkataba ukiisha najitazama mikono. Ninachopata nakituma, kinaliwa, kinakwisha, ndivyo inavyotakiwa. Lakini cha kuingia nacho mlangoni, watu wakakiona, sina. Nina ovaroli mbili na mvi ambazo sikuwaambia. Mkono mtupu haulambwi, Kidomo. Mama ananingoja kijana aliyeahidi. Macho yamembakia machache, na mimi nimpelekee hiki?

Nimeandika "nakuja", nikafuta. Nimeandika tena, nikafuta tena. Ukiinua karatasi kwenye mwanga utaona palipokwaruzwa. Nataka kuja kiasi kwamba nashindwa kula. Sijui nifanye nini, na mimi ndiye mjomba, wewe ndiye unatakiwa uniulize.

Mjomba wako


27 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo, na pole, na unisamehe. Nilikutukana bure. Nimelia kazini mbele ya Jenerali, akanipa leso yenye wino.

Sasa nisikilize. Nimevunja sheria yetu. Nilianza kumsomea Bibi barua yako, nikafika kwenye mstari, nikanyamaza. Akasema, "Endelea." Nikamwambia imekwisha. Akasema, "Karatasi hujaikunja. Nimekuwa nikiisikia karatasi miaka yote, wewe unadhani mimi sijui kuna ya chini? Soma." Nikasoma yote, ya macho, ya ngazi, ya mikono.

Bibi akakunja uso. Akauliza, "Alisema hivyo?" Nikasema ndiyo, mara mbili, mbele ya watu. Akamgeukia mama, "Wewe ulisikia?" Mama akasema kama alisikia amesahau. Bibi akasema, "Siku ile zipu ya mkoba wake ilikuwa imekatika. Nilikuwa nimeinama naitafutia pini nguo zisije zikamwagika njiani. Mimi sikusikia neno."

Mjomba, hakusikia! Miaka yote hii umeshikilia ahadi ambayo mwenyewe hakuipokea. Mama amekwenda hadi dukani kumuuliza mwenye matairi. Yeye anakumbuka tu kwamba ulimkanyaga mguu.

Kisha Bibi akasema niandike, nisibadilishe hata neno:

"Mwanangu, mkono mtupu haulambwi, ni kweli. Lakini nani kakuambia mimi nataka kuulamba? Nataka kuushika. Mama yako."

Amenifanya nisome tena nilivyoandika, halafu akasema nipige mstari chini ya neno la kushika. Nimepiga.

Sasa la kazini, na hili nimelipata kwako. Nimerekebisha kipimo. Nimeuhesabu uzito wa meli yenyewe kuwa sehemu ya mzigo. Meli ikirudi nyumbani bila hata kiberiti, bado imeleta kitu: imejileta. Hesabu haigawanyi tena kwa kitu ambacho hakipo. Nilibonyeza, wote tukaikodolea macho ramani, hata bosi. Meli moja ya kusini ikageuka. Halafu nyingine. Halafu ramani nzima ikaanza kutembea, zote zinarudi visiwani kwa mwendo wa polepole, tupu.

Barua hii haina mstari. Nimechoka na mstari. Jaza maji, Mjomba, uje.

Kidomo


1 Oktoba

Kidomo,

Marahaba. Hakuna ya juu wala ya chini, msomee yote.

Mitambo ya simu bado ni mifu, kwa hiyo natuma karatasi. Nimemwambia nahodha nashuka. Akaniuliza sababu, nikamwambia mama yangu anataka kunishika mkono. Nilidhani atacheka. Akanisainia bila kuinua kichwa, kisha akaniomba nimpostie barua yake nikifika nchi kavu.

Nakuja na mkoba ule ule. Zipu bado imefungwa kwa pini. Naona aibu, naona furaha, sijui ipi ni ipi. Njia ya kutoka hapa ni ya kuungaunga, kwa hiyo siwezi kutaja siku. Mkisikia mtu anajikwaa kwenye ngazi ya chuma, ni mimi.

Mwambie mama zile mvi ni nyingi. Mwambie mapema, asishtuke.

Mjomba wako


12 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 1 Oktoba imefika leo, kona moja imelowa. Unasema unakuja. Ahsante kwa taarifa. Wewe mwenyewe ulishafika wiki iliyopita, na ninapoandika hapa unakoroma chumba cha pili, mchana kweupe, juu ya rundo la sketi. Lakini nyumba hii haiachi barua bila jibu, na kuta zake ni mbao nyembamba, na lipo jambo ambalo Bibi hataki litajwe kwa sauti. Basi nitaiweka hii kwenye mfuko wa ovaroli yako, ule wa kifuani.

Habari za kazi ni njema. Vita vimeanza kuuzwa. Jenerali ameshindwa kwa mara ya kwanza, na mtoto wa shule, na anasema meli zilizorudi ndizo zilizomponza. Bomba umeshaliona, umelifungua ile kamba na sasa linavuja zaidi. Tulikuwa tunaliogopa hilo.

Sasa nikuambie nilichokiona. Siku uliyofika ulisimama mlangoni na mkoba wako, ukatoa shikamoo. Bibi akainua kichwa, kisha akageuza uso kuelekea dirishani. Nilikuona ulivyoiteremsha mikono. Ulisema unanuka mafuta, ukaenda kuoga, ukakaa huko mpaka maji yakaisha. Toka siku hiyo, kila ukiingia sebuleni yeye anageuza uso, na wewe unatafuta kazi ya kufanya jikoni. Hujauliza. Najua unachofikiri, maana jana nilikusikia ukimwambia mama kwamba meli itakuwa imepata mzigo sasa, huenda wanakuhitaji.

Mjomba, tumekuwa wajinga sote wawili. Wewe hukuuliza, na mimi nilidhani daktari alishakuambia kupitia kalamu yangu. Nimeitafuta kumbukumbu ya ile barua ya Aprili, nikagundua sikuliandika. Kinachokufa kwenye macho ya Bibi ni katikati. Akikutazama moja kwa moja haoni uso, anaona doa la kijivu lenye mabega. Kilichobaki ni pembeni tu. Akitaka kumwona mtu vizuri, inabidi ageuze uso, amtazame kwa kando.

Hakukununia. Toka umeingia mlango ule hajakuondolea macho.

Jikoni kaniambia kwamba mvi zako zimeanzia nyuma ya sikio la kushoto, kama za babu. Kaniambia una kovu jipya kidevuni na hujalisema. Mama na mimi hatukuwa tumeliona hilo kovu. Akaniuliza kwa nini unakimbilia jikoni kila mara, kama kuna deni unalodaiwa na masufuria, maana hajamaliza kukutazama.

Basi kesho asubuhi akigeuza uso, usitoke. Kaa kwenye kile kiti kilicho upande wa mlango, pale panapoingia mwanga, umpe mkono, utulie.

Mpwa wako,
Kidomo